Nishani ya Waterloo ya ukoo wa mume wangu: je, huyu askari alipigana kweli?

"Shikamoo mwalimu. Ninaishi karibu na Nottingham, Uingereza. Mume wangu ni Mwingereza na tuna mtoto wa miaka 11. Shuleni wamepewa kazi ya kusimulia mbele ya darasa habari za askari wa eneo letu waliopigana Waterloo. Mama mkwe wangu ana nishani ya fedha ya kurithi, na ukingoni mwake kuna jina la ukoo wao, kisha 2ND BATT. 59TH REG. FOOT. Anasema mwenyewe ni babu wa babu yake, kwamba alipambana na askari wa Napoleon ana kwa ana, na kwamba alikuwa kikosi kimoja na wale watatu walioandikwa kwenye mnara wa makaburini Cossall. Mume wangu anacheka, anasema kila familia hapa ina babu wa Waterloo. Mtoto naye jana amerudi analia: mwenzake kamwambia habari hizo hazimhusu, maana watu weusi hawakuwepo. Nishani imekuwa nyeusi, nataka kuisugua ing'ae kabla hajaipeleka shuleni. Na kuna mtu ametuuliza kama tunaiuza. Nianzie wapi?"

Marahaba, dada yangu. Anzia hapa: weka kando hicho kitambaa na hiyo dawa ya kung'arishia. Weusi ulioifunika fedha ya zamani hauidhuru nishani. Kuisugua ndiko kunakoidhuru, kwa sababu kila ukisugua unaondoa fedha kidogo, na ukingo ndio unaolika mapema, mahali palepale penye jina. Nimewahi kushika nishani ya aina hii iliyong'arishwa vizazi hadi vizazi na watu wenye nia njema kabisa. Uso wa mtawala ulikuwa umebaki kama kipande cha sabuni kilichotumika, na jina la askari tulilisoma kwa kukisia. Mtoto apeleke picha zilizopigwa vizuri, upande huu, upande ule na ukingo. Nishani yenyewe ibaki nyumbani.

Sasa tuje kwa mama mkwe na mume wako. Kama umenakili sawasawa maneno ya ukingoni, mama mkwe ana haki ya kusema kwamba mtu huyu alikuwa katika jeshi la Wellington, jenerali wa Uingereza aliyepigana na Napoleon pale Waterloo, Ubelgiji, mwaka 1815, na kwamba nishani aliipata kihalali. Ila pale Waterloo hakupambana ana kwa ana na mtu yeyote. Batalioni ya pili ya rejimenti ya 59 haikuwepo uwanjani siku ile.

Ilikuwa Hal, mji ulioko kilomita kama 15 magharibi ya uwanja wa vita. Wellington alikuwa na hofu moja iliyomsumbua kampeni nzima, kwamba Napoleon angezunguka upande wa kulia wa jeshi lake na kumkata asifike baharini, ambako ndiko yalikokuwa mategemeo yake yote. Kwa hiyo aliacha watu wapatao 17,000 Hal na viunga vyake walinde njia hiyo. Miongoni mwao ilikuwa brigedi moja ya Kiingereza yenye rejimenti nne za askari wa miguu: ya 35, ya 54, ya 59 na ya 91. Napoleon hakuzunguka. Jumapili ya tarehe 18 Juni 1815 alishambulia moja kwa moja katikati, na watu wa Hal wakapitisha siku nzima wakingoja amri ambayo haikuja. Wanahistoria wanabishana mpaka leo kama uamuzi ule ulikuwa wa busara. Mimi naona ulikuwa kosa alilonusurika nalo, kwa sababu jioni ile watu 17,000 wangetakiwa sana kwenye mgongo wa Mont-Saint-Jean, yaani kile kilima alichokilinda Wellington.

Utauliza, basi nishani alipewa kwa lipi? Nishani ya Waterloo iligawiwa kwa kampeni, siyo kwa kupiga risasi. Serikali ilitengeneza takriban 39,000, zikaanza kutolewa mwaka 1816, na orodha ilipoandaliwa wale wa Hal nao waliingizwa. Katika jeshi la Uingereza hilo lilikuwa jambo geni. Kabla ya hapo nishani zilikuwa mambo ya maofisa wakubwa. Hii ilikuwa ya kwanza kupewa kila mtu aliyekuwepo, kuanzia jenerali hadi mpiga ngoma, ikiwa na jina la kila mmoja limegongwa ukingoni kwa mashine, na ikiwa askari amekufa ilipelekwa kwa ndugu zake. Lakini rejimenti zenyewe hazikuwekwa sawa. Zile nne za Hal hazikuruhusiwa kuandika neno Waterloo kwenye bendera zao, ingawa askari wake walilivaa kifuani.

Kuna kinaya ambacho ningependa mwanao akielewe, kwa sababu ndicho kinachomfanya huyu babu awe mtu kamili. Batalioni hiyohiyo ilikuwa Hispania miaka miwili kabla, ikipigana na majeshi ya Napoleon huko. Tarehe 31 Agosti 1813 ilikuwa mbele katika kuvamia ukuta uliobomolewa wa San Sebastián, na ilipoteza watu wengi vibaya sana. Walionusurika hawakupewa nishani yoyote. Ya vita vya Hispania iliidhinishwa mwaka 1847, miaka 34 baadaye, na ilikwenda kwa waliokuwa bado hai na waliojitokeza kuiomba. Kwa hiyo kama mtu wenu alijiunga mapema, huenda alipewa fedha ya kuning'iniza kifuani kwa vita ambavyo hakuvipigana, na hakupewa kitu kwa vile vilivyokaribia kumuua. Wazee wa Hispania walilinung'unikia jambo hili miaka mingi, na sioni kama walikosea.

Kuhusu Cossall, kile kijiji cha karibu na Nottingham, hapo hadithi mbili zimechanganyika. Mnara ule ulijengwa mwaka 1877, zaidi ya miaka 60 baada ya vita, na unawataja John Shaw, Richard Waplington na Thomas Wheatley. Wote watatu walikuwa askari wa farasi. Shaw na Waplington walikuwa Life Guards, walinzi wa mfalme, na waliuawa. Wheatley alikuwa rejimenti ya 23 ya wapanda farasi wepesi, naye alirudi nyumbani. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa askari wa miguu wa 59. Nadhani nishani ya nyumbani na mnara wa jirani vimeishi karibu mno kwa muda mrefu, mwishowe familia ikavioanisha.

Shaw ndiye mwanao atakayekutana naye kila mahali, kwa hiyo umtahadharishe. Alikuwa mtoto wa shamba, jitu la mtu, bondia mashuhuri aliyeshinda pambano kubwa Hounslow Heath miezi miwili tu kabla ya Waterloo, na wachoraji wa London walimlipa awakalie kama kielelezo kwa sababu ya mwili wake. Mchana wa vita rejimenti yake ilishuka mteremko kwa kasi katika lile shambulio kubwa la farasi, ikawavunja Wafaransa, kisha ikashindwa kusimama. Farasi waliochoka walijikuta ndani ya majeshi ya adui na wengi hawakurudi. Mpaka hapo ni historia. Kwamba Shaw peke yake aliua Wafaransa kumi ni simulizi, na hesabu yake hupanda na kushuka kutegemea msimulizi. Hata kifo chake kina matoleo: kuna anayesema alizingirwa akakatwa kwa mapanga, kuna anayesema alipigwa risasi kwa mbali, na kuna anayesema alijikokota mpaka karibu na shamba la La Haye Sainte akafia penye lundo la samadi. Katika moshi wa baruti, matope ya mvua ya usiku kucha na kelele za maelfu ya farasi, nani alikuwa anahesabu? Walter Scott mwenyewe, yule mwandishi mashuhuri wa Uskoti, alihifadhi nyumbani kwake Abbotsford mfano wa plasta wa fuvu la Shaw, nalo hilo linakuonyesha jinsi mtu huyu alivyogeuzwa kitu cha maajabu mapema. Mwanao anaweza kusema "watu wa Cossall husimulia kwamba…" na hapo hatakuwa amesema uongo.

Mwili wa Waplington haukupatikana, na watoto hupenda kufanya fumbo la jambo hilo. Halina fumbo. Askari wa kawaida walifukiwa kwa pamoja katika mashimo, wakiwa wameshavuliwa nguo na hata kung'olewa meno, maana meno ya vijana yalikuwa na soko kwa watengenezaji wa meno ya bandia. Kupata kaburi lenye jina kulikuwa bahati ya maofisa.

Tena usidanganyike na jina la rejimenti. Ya 59 iliitwa ya pili ya Nottinghamshire, na mtu angedhani imejaa vijana wa Nottingham. Majina ya kaunti yalitolewa mwaka 1782 kwa matumaini kwamba yangevuta watu wa eneo, lakini waandikishaji waliokota watu popote: sokoni, vilabuni, kwenye mgambo wa kaunti nyingine, na hasa Ireland, iliyojaza rejimenti nyingi zenye majina ya Kiingereza. Kijana aliyepokea shilingi ya mfalme, yaani sarafu aliyopewa kama ishara ya kukubali kujiunga na jeshi, alikwenda kwenye kikosi kilichokuwa na nafasi wiki ile. Ndiyo maana watu watatu wa kijiji kimoja waliishia vikosi tofauti. Na walikuwa na sababu za kuipokea. Katika kaunti yenu mafundi wa kufuma soksi kwa mitambo walikuwa wanashushwa malipo mpaka wakaanza kuivunja mitambo yenyewe mwaka 1811. Kwa hiyo mtu wenu anaweza kuwa mzaliwa wa hapo, au Mwairishi ambaye watoto wake walihamia hapo baadaye. Karatasi ndizo zitakazosema.

Kabla hujazifuata karatasi hizo, kuna jambo zito ambalo afadhali ulisikie kwangu kuliko ulikute ghafla. Mwanzoni mwa 1816 batalioni hii ilikuwa inarudishwa kutoka Ufaransa kwenda Ireland. Tarehe 30 Januari meli iliyobeba sehemu yake, Sea Horse, ilisukumwa na dhoruba hadi ndani ya ghuba ya Tramore, kusini mwa Ireland, ikavunjika mbele ya macho ya watu wa ufukweni. Walikufa watu zaidi ya 350, wakiwemo wake na watoto wa askari waliokuwa wakisafiri nao. Waliookoka walikuwa kama 30 hivi. Nishani zao nyingi zilikuwa bado hazijagawiwa. Kwa hiyo nishani iliyoko mikononi mwa mama mkwe inaweza kuwa imefika kwa njia moja kati ya mbili. Ama askari aliokoka, au hakuwa ndani ya meli ile, akaja kuivaa. Ama ilipelekwa kwa mama yake, mjane wake au kaka yake, katika nyumba iliyokuwa imeshafanya matanga.

Hilo linagusa nasaba pia. Ikiwa alikufa kijana bila mtoto, ukoo wenu umetoka kwa ndugu yake. Hebu hesabuni vizazi. Mtu aliyezaliwa karibu na 1790 ni mbali kidogo kuwa babu wa babu wa bibi aliye hai leo, na inaelekea kuna kizazi kimerukwa. Simwambii mama mkwe kwamba amedanganya. Familia hukunja vizazi kama tunavyokunja sisi, mtu akasema "babu" akimaanisha yeyote aliyemtangulia.

Nyaraka zenyewe ziko Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa. Kuingia ni bure, na unatengenezewa kadi ya msomaji, nayo bure. Orodha ya nishani iko katika faili la MINT 16/112: mtafute mtu wenu chini ya 59, muone kama jina na cheo vinalingana na ukingo. Kinachofuata ndicho muhimu kuliko vyote, nayo ni madaftari ya mahudhurio na malipo ya askari, mfululizo wa WO 12. Jeshi lilikuwa na ubahili wa duka. Kila robo mwaka karani aliandika nani yupo, nani hospitalini, nani katoroka, nani kafa na tarehe gani, kwa sababu hakutaka kulipa mshahara wa mtu asiyekuwepo. Robo iliyoishia 24 Juni 1815 itakwambia alikuwa wapi siku ya Waterloo. Robo iliyoishia 24 Machi 1816 itakwambia kama aliiona Februari ya mwaka ule.

Akiwa ameishi na kupata pensheni, tafuta cheti chake cha kuachishwa jeshi katika WO 97. Humo mna parokia aliyozaliwa, kazi aliyokuwa akifanya kabla ya jeshi, urefu, rangi ya macho, majeraha. Watu wengi hukimbilia WO 97 kwanza, wakikosa jina wanakata tamaa, bila kujua kwamba aliyefia jeshini hakuachishwa, hivyo hana cheti hicho. Kumkosa humo nako ni jibu la namna yake. Shaw na Waplington usiwatafute hapo kabisa: walinzi wa mfalme wana mfululizo wao, WO 400. Upande wa kanisa, yaani ubatizo, ndoa na maziko, nendeni kwenye nyaraka za kaunti pale Nottingham.

Sehemu kubwa ya WO 97 na orodha ya nishani zimeshapigwa picha na ziko kwenye tovuti za ukoo za kulipia. Kabla ya kulipa, uliza maktaba ya mtaa wenu, maana nyingi hukuruhusu kuzitumia bure ukiwa ndani ya jengo. Madaftari ya WO 12 ndiyo yatakayowalazimu kusafiri, au kumlipa mtafiti wa huko kwa saa chache. Kama nauli ya watu watatu kwenda London ni nzito, mtafiti atakuwa nafuu, na ukimwelekeza kwenye robo mbili tu nilizotaja hatakuwa na sababu ya kukuandikia bili ndefu. Ila kama mnaweza kwenda, mchukueni mtoto. Kuna tofauti kati ya kuambiwa na kuona jina limeandikwa kwa wino na karani aliyemjua mwenye jina.

Jumba la makumbusho la kijeshi msilitafute Nottingham. Mwaka 1881 rejimenti ya 59 iliunganishwa na ya 30 ikawa East Lancashire, kwa hiyo kumbukumbu zake zilihamia Lancashire, na wenye ujuzi nayo wako makumbusho ya askari wa miguu kule Preston. Wapigieni simu kwanza. Hao ndio ningewapelekea nishani yenyewe mkononi waitazame, maana kwa picha hakuna mtu mwaminifu atakayekuapia kwamba ukingo haujafutwa na kuandikwa jina jingine. Ulaghai huo upo. Mtaalamu hupima uzito, unene na umbo la herufi, na kwa dakika kumi anajua.

Anayetaka kununua asubiri. Bei ya nishani hizi inafuata rejimenti. Za rejimenti zilizoteketea uwanjani hutafutwa sana, na za rejimenti za Hal huwa chini yake. Lakini nishani yenye karatasi zinazothibitisha kwamba mwenyewe alikuwa San Sebastián au Tramore ni kitu kingine kabisa, na anayekuharakisha uuze kabla hujajua huenda anajua tayari. Zaidi ya hayo ni mali ya mama mkwe. Mkwe usionekane unaiongelea bei kabla yake.

Nimemwacha mtoto mwisho, lakini sikumsahau. Mwenzake amekosea, na hapa sihitaji kutumia neno "huenda". George Rose alizaliwa utumwani Jamaika, akajiandikisha katika rejimenti ya 73, moja ya zile zilizoumia sana Waterloo. Siku ile alijeruhiwa mkono, na baadaye akapanda hadi kuwa sajenti katika rejimenti ya 42 ya Waskoti. Thomas James, mtu wa Montserrat, alikuwa mpiga ala katika rejimenti ya 18 ya wapanda farasi. Picha ya rangi inayoaminika kuwa yake, akiwa amevaa sare, iko makumbusho ya taifa ya jeshi London. Hawakuwa wengi, na mtoto asiseme walikuwa wengi. Lakini walikuwepo, wakilipwa na karani yuleyule katika madaftari yaleyale, wakati ambapo ndugu zao walikuwa bado watumwa katika makoloni ya mfalme yuleyule. Hata hilo jeshi lenyewe halikuwa la Waingereza kama shule zinavyopenda kulichora. Kati ya watu wapatao 68,000 wa Wellington pale uwanjani, Waingereza, Waskoti, Wairishi na Wawelisi wote kwa pamoja walikuwa kama theluthi moja, na waliobaki walikuwa Wajerumani wa falme mbalimbali, Waholanzi na Wabelgiji. Kisha wakaja Waprusi, Wajerumani wa ufalme mwingine, wakiongozwa na jenerali wao Blücher, mchana, na bila wao sijui kama tungekuwa na mnara wowote Cossall.

Ningekuwa mimi, ningemwambia aanzie Hal. Darasa zima litasimulia farasi na mapanga. Yeye asimame aseme: mtu wetu alikaa siku nzima akingoja, na upande wa mashariki vita vikiendelea bila yeye. Akishajua kilichoandikwa katika robo ile ya Machi 1816, atakuwa na sehemu ya pili. Nitumie nakala ya ukingo herufi kwa herufi, na vifupisho vyake vyote, nikuangalizie kama mpangilio wake unafanana na ule uliotumika kwa 59.